Mwokozi asikufe wa kwanza: kwa nini mafunzo ya usalama lazima yarudiwe kila mwaka

Jioni ya tarehe 2 Julai 2010, kamiyo ya mafuta ilianguka pale Sange, kwenye barabara ya kitaifa namba 5 kati ya Bukavu na Uvira, jimboni Kivu Kusini. Mafuta yakaanza kutiririka. Watu walikuja na bidoni, ndoo na masufuria. Wengine walikuja kuangalia tu. Wengine hawakukaribia hata kidogo: walikuwa nyumbani kwao, ama wamejaa katika vyumba vya video wakitazama Kombe la Dunia lililokuwa likichezwa Afrika Kusini. Moto ulipowaka haukuchagua. Zaidi ya watu 230 walikufa, wakiwemo watoto wengi, na miili mingi ikazikwa katika makaburi ya pamoja.

Kati ya kamiyo kuanguka na moto kuwaka kulipita muda. Katika ajali za namna hii, huo muda mfupi ndio unaamua nani atalala nyumbani usiku na nani hatalala. Na katika muda huo, watu wa kwanza kufika si wazimamoto. Ni dereva mwenyewe, motari aliyekuwa akipita, polisi wa kizuizi, muuguzi wa kituo cha afya cha karibu, kijana wa Msalaba Mwekundu, mkuu wa kijiji. Swali ni moja: je, hao wanajua la kufanya? Na kama walifundishwa zamani, je, bado wanakumbuka?

Swali hilo si la Congo peke yake. Kuna nchi ambazo zimelijibu kwa sheria, na jibu lao ni rahisi kulieleza: anayefanya kazi na taka za hatari, na anayekimbilia ajali za sumu, anarudi darasani kila mwaka. Cheti cha mwaka jana hakitoshi.

Sheria iliyozaliwa kwenye makaburi

Nchini Marekani, mambo hayo hayakuanza kwa hekima. Yalianza kwa vifo. Tarehe 5 Julai 1973, katika mji mdogo wa Kingman, jimbo la Arizona, behewa la treni lililobeba gesi ya propani lilishika moto. Wazimamoto walikuja kulipoza kwa maji. Behewa likalipuka, na wazimamoto 11 wakafa. Miaka 15 baadaye, tarehe 29 Novemba 1988, katika mji wa Kansas City, wazimamoto 6 waliitwa usiku kuzima moto mahali ambapo barabara kuu ilikuwa ikijengwa. Ndani ya matrela yaliyokuwa yakiwaka kulikuwa na baruti za kupasua mawe. Wote 6 walikufa hapo hapo.

Katikati ya hayo, Wamarekani waligundua pia kwamba viwanda vyao vilikuwa vimezika mapipa ya sumu ardhini kwa miaka mingi. Mtaa wa Love Canal, katika jimbo la New York, ulijengwa juu ya jalala la sumu hizo, na mwaka 1978 familia zikaanza kuhamishwa. Serikali ikaamua kusafisha maeneo kama hayo. Lakini nani ataingia kuchimbua mapipa hayo, na atalindwaje? Mwaka 1986, bunge la Marekani liliamuru kuwe na kanuni ya kuwalinda wafanyakazi hao pamoja na waokoaji. Idara ya usalama kazini, OSHA, ilitangaza kanuni kamili tarehe 6 Machi 1989, nayo ikaanza kutumika mwaka uliofuata. Watu wa kazi hiyo wanaiita HAZWOPER.

Kanuni hiyo inasema mfanyakazi anayesafisha eneo lenye taka za hatari apate kwanza masaa 40 ya mafunzo, kisha siku 3 za kazi chini ya macho ya msimamizi mwenye uzoefu. Baada ya hapo, kila mwaka anarudi kwa masaa 8. Kwa waokoaji wanaokimbilia ajali, kila mwaka wanarudia mafunzo, ama wanaonyesha kwa vitendo kwamba ujuzi wao bado upo.

Ngazi ya kwanza: usikaribie

Jambo linaloshangaza katika kanuni hiyo ni ngazi ya kwanza kabisa ya waokoaji. Ni ngazi ya wale ambao kazi yao inaweza kuwakutanisha na ajali ya sumu kabla ya wengine, kama polisi. Hao hawafundishwi kuziba tundu wala kuzima moto. Wanafundishwa mambo machache tu: kutambua kwamba hapa kuna hatari, kukaa mbali na kuwaweka wengine mbali, na kuita wenye ujuzi. Basi.

Ngazi ya pili inaruhusu kuzuia sumu isienee, lakini kutoka mbali, kwa mfano kuchimba mtaro ili mafuta yasifike mtoni. Ni ngazi ya tatu tu inayomruhusu mtu kuukaribia mvujo wenyewe ili auzibe, naye anapaswa kuwa na masaa 24 ya mafunzo na mavazi yanayofaa. Juu yake kuna bingwa wa sumu fulani, na kamanda anayeongoza kazi yote.

Kwa maneno mengine, somo la kwanza la mwokozi ni kusimama. Na hilo ndilo somo gumu kuliko yote, kwa sababu linapingana na moyo. Mtu akimuona ndugu yake amelala chini anapiga mbio. Jirani akipiga kelele, watu wanakuja. Hivyo ndivyo watu walivyolelewa Kivu, Ituri, Maniema na Katanga, na ni jambo zuri. Lakini mbele ya sumu isiyoonekana, huo wema unaongeza idadi ya maiti. Mwaka 1986, taasisi ya utafiti wa usalama kazini ya Marekani, NIOSH, ilionya kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika mashimo, matangi na sehemu nyingine zilizofungika walikuwa wale walioingia kuokoa wenzao.

Watu wa Goma na Sake hawahitaji utafiti kuelewa jambo hilo. Wanalo jina lake: mazuku. Ni gesi ya kaboni inayotoka ardhini kwenye mawe ya volkeno na kujikusanya katika mabonde na mashimo, kwa sababu ni nzito kuliko hewa. Haina rangi wala harufu. Mbuzi akishuka humo anaanguka. Mtoto akimfuata mbuzi anaanguka. Na baba akishuka kumtoa mtoto, naye anaanguka. Aliye juu akikumbuka neno mazuku, anaita watu na kutafuta kamba. Akilisahau kwa dakika moja tu, anakuwa wa nne.

Kwa nini kila mwaka, si mara moja?

Wakubwa wengi wa makampuni na mashirika wana jibu moja wanapoulizwa juu ya mafunzo: hawa watu tuliwafundisha. Ni kweli, walifundishwa. Lakini ujuzi wa mikono unapotea usipotumiwa. Wanaofundisha kufufua mtu ambaye moyo wake umesimama wanalijua hilo: baada ya miezi michache tu, mwanafunzi ambaye hajarudia anaanza kukosea. Sasa dereva wa asidi ambaye hajawahi kupata ajali kwa miaka 6, anakumbuka nini cha siku ile ya mafunzo?

Na hata mwili wa mtu unabadilika. Maski inayochuja hewa ya sumu lazima ishike uso bila nafasi. Mtu akinenepa, akikonda, aking'oa meno ama akifuga ndevu, maski ya mwaka jana inaweza kuvuja. Ndiyo maana huko Marekani maski ya namna hiyo inajaribiwa usoni mwa mfanyakazi kila mwaka.

Kuna sababu nyingine. Kazi inabadilika. Kemikali mpya inaletwa, mashine inabadilishwa, wakubwa wa zamani wanaondoka, vijana wapya wanaingia. Kwa hiyo yale masaa 8 ya kila mwaka si kukaa kusikiliza maneno yale yale. Kanuni inataka pia watu wapitie ajali zilizotokea katika mwaka uliopita na kujiuliza: kilienda vibaya nini, na sisi tungefanya nini? Ajali ya mwenzako inakuwa daftari lako.

Tena, kutazama video peke yake hakutoshi. OSHA imesema wazi kwamba mwanafunzi anapaswa kuvaa na kuvua mavazi ya kinga kwa mikono yake mwenyewe, na kuwa na mwalimu wa kumuuliza maswali.

Beni na Butembo wanalijua somo hili

Hapa nyumbani kuna watu walioishi mafunzo hayo kila siku. Ni wale wahudumu wa usafi, wapulizaji wa kloro, wabebaji wa maiti na wachomaji wa taka waliofanya kazi wakati wa Ebola katika Kivu Kaskazini na Ituri. Ugonjwa huo ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kutangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, na 2,287 kati yao walikufa.

Watu hao walijifunza kugawa uwanja: upande wa hatari kubwa, upande wa hatari ndogo, na katikati mahali pa kujisafisha. Walijifunza dawa mbili za kloro: ya asilimia 0.05 kwa mikono, na ya asilimia 0.5 kwa mabuti, sakafu, taka na maiti. Walijifunza kwamba hakuna anayeingia peke yake; wanaingia wawili, kila mmoja akimwangalia mwenzake. Na walijifunza kwamba saa ya hatari kubwa si ile ya kuvaa, bali ile ya kuvua. Mtu amechoka, jasho linamtoka, anataka hewa, mkono wenye glavu chafu unakwenda wenyewe kwenye jicho.

Kisha ugonjwa ukaisha. Mahema yakafungwa, mashirika yakaondoka, wahudumu wakarudi kwenye biashara zao na mashamba yao. Lakini tarehe 7 Februari 2021, miezi 7 na nusu tu baadaye, Ebola ikatangazwa tena upande wa Butembo. Ikaisha mwezi wa Mei. Tarehe 8 Oktoba mwaka huo huo ikatangazwa tena Beni. Mwezi wa Agosti 2022 ikaonekana Beni kwa mara nyingine. Adui hakungoja watu wapate pesa za mafunzo mapya. Alirudi wakati wengine wakiamini amekwisha.

Hata bila Ebola, hatari inabaki katika hospitali zote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 15 ya taka za hospitali ni za hatari: sindano, damu, vipande vya mwili, madawa. Mara nyingi anayezibeba ni yule anayelipwa kidogo kuliko wote. Akichomwa na sindano iliyotumiwa na mgonjwa wa homa ya ini aina ya B, na yeye hajachanjwa, hatari ya kuambukizwa inakadiriwa kuwa asilimia 30. Kwa homa ya ini aina ya C ni asilimia 1.8, na kwa virusi vya UKIMWI ni asilimia 0.3. Dawa za kuzuia UKIMWI zipo, lakini lazima zianzwe kabla ya masaa 72 kupita, na zikianzwa mapema ndiyo bora. Mfanyakazi aliyesahau hilo, ama anayeogopa kugombezwa na mkubwa wake, atanyamaza. Masaa 72 yatapita. Ukumbusho mmoja kwa mwaka, uliofanywa vizuri, ungeweza kumpeleka kwa muuguzi siku ile ile.

Namba kwenye kamiyo

Tarehe 20 Februari 2019, katika kijiji cha Kabwe, si mbali na Tenke katika jimbo la Lualaba, kamiyo iliyobeba asidi sulfuriki iligongana na magari mengine. Asidi ikawamwagikia abiria. Karibu watu 20 walikufa, na wengine wakabaki na vidonda vibaya. Asidi hiyo inatumika kutenganisha shaba na kobalti na mawe, na makamiyo yanayoibeba yanapita kila siku katikati ya vijiji na masoko ya Haut-Katanga na Lualaba.

Makamiyo ya namna hiyo yanapaswa kuwa na kibao cha rangi ya chungwa chenye namba mbili. Namba ya chini inaonyesha ni kitu gani: 1203 ni esanse, 1202 ni mazuti, 1830 ni asidi sulfuriki, 1017 ni gesi ya klorini. Ya juu inaonyesha hatari yenyewe: 33 ni kimiminika kinachoshika moto upesi sana, 80 ni kitu kinachounguza ngozi na kula chuma. Motari anayezijua namba hizo anaweza kupiga simu na kusema kitu kimoja cha maana kuliko kelele zote: hapa kuna 1830.

Kitabu cha mwongozo ambacho waokoaji wa Marekani, Kanada na Meksiko wanabeba ndani ya magari yao kinatoa vipimo vya kukumbuka. Esanse ikimwagika, watu wakae angalau mita 50 pande zote. Ikiwa nyingi, walio upande ambao upepo unaelekea wahamishwe hadi mita 300. Tangi likishika moto, watu wote waondoke hadi mita 800. Hiyo ni kama viwanja 8 vya mpira vikipangwa kwa urefu. Mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini, unaingia mitaroni na manyumbani, unatafuta jiko la makaa, sigara, ama pikipiki inayowashwa. Anayechota na bidoni haoni kitu. Amesimama ndani ya baruti.

Kwa asidi, kanuni ni nyingine. Mtu aliyemwagikiwa avuliwe nguo upesi na kuoshwa kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, na anayemsaidia ajilinde asiguse asidi. Lakini maji yasimwagwe juu ya dimbwi la asidi lenyewe, kwa sababu litachemka na kuruka. Mambo hayo mawili yanafanana masikioni na yanapingana mikononi. Ni aina ya jambo ambalo mtu analielewa vizuri darasani, na miaka miwili baadaye analichanganya.

Kinachoweza kufanyika bila pesa nyingi

Sheria ya kazi ya Congo ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamwajibisha mwajiri kulinda afya na usalama wa wafanyakazi wake. Lakini kijana anayelipwa kwa siku, mama anayefagia soko, na mtu wa kujitolea aliyeitwa usiku kubeba majeruhi, mara nyingi hawana mkataba wala cheti. Hao ndio wanaofika kwanza, na hao ndio wanaosahauliwa wakati wa mafunzo.

Mavazi ya kinga yana bei, na hakuna somo linaloweza kuchukua nafasi ya mabuti, glavu na maski. Anayemtuma mtu kwenye taka bila vitu hivyo hawezi kujitetea kwa kusema alimfundisha. Hata hivyo, sehemu kubwa ya ukumbusho wa kila mwaka haihitaji chombo cha gharama. Kikundi cha motari kinaweza kukaa nusu siku chini ya mti, kikajifunza namba 4 za vibao na kupima mita 50 kwa miguu, ili kila mmoja aone ni mbali kiasi gani. Hospitali inaweza kuwakusanya wafagiaji wake wakavaa na kuvua mavazi mbele ya wenzao, mmoja akisoma hatua na mwingine akifanya. Kampuni ya usafirishaji inaweza kuwakalisha madereva na kupitia ajali za mwaka mzima za barabara yao, bila kumtafuta mwenye makosa, ila kutafuta kosa. Kijiji kilicho kando ya barabara kuu kinaweza kuamua mapema nani atazuia watu, nani atapiga simu, na namba ipi.

Kinachohitajika zaidi ni tarehe. Kama sikukuu zinavyojulikana kwenye kalenda, siku ya kurudia mafunzo nayo ijulikane, na irudi kila mwaka hata kama hakuna ajali iliyotokea. Mwaka uliopita bila ajali ndio unaofanya watu wasahau zaidi.

Sange haikuwa ya mwisho. Tarehe 6 Oktoba 2018, karibu na Kisantu katika Kongo Central, kamiyo ya mafuta iligongana na gari jingine na watu wasiopungua 50 wakafa. Tarehe 10 Agosti 2019, huko Morogoro nchini Tanzania, watu walichota mafuta ya kamiyo iliyoanguka kama walivyochota Sange, na zaidi ya 100 wakafa. Mtoto aliyezaliwa Sange usiku ule wa 2010 sasa ni kijana. Anaweza kuwa na pikipiki. Kamiyo inayofuata ikianguka mbele yake, atafanya nini? Atafanya kile ambacho mtu fulani alimkumbusha mwaka huu, ama atafanya kile ambacho watu wengine wote wanafanya.